Kiti kilikuwa kishawekwa sokoni: kisa cha mtoto aliyekuwa analia mpaka Kilifi

Kuna familia moja hapa Muyeye, Malindi, walikuwa washakata shauri kiti cha mtoto cha kwenye gari kiuzwe. Picha washapiga, bei washaweka elfu sita, na maelezo waliyoandika ni kwamba kiti kizima ila "mtoto hakipendi". Mimi naendesha wageni, airport, Watamu, Mombasa, na wageni wenye watoto wadogo wengi wanataka wakute kiti kishafungwa kwa gari kabla hawajatoka na mizigo yao, kwa hivo watu wa mtaani wananijua kwa hayo mambo. Baba mtoto aliniita sio nikitengeneze, alitaka tu nimwambie kama elfu sita ni bei ya haki. Tulianza alasiri na mpaka magharibi inaadhiniwa tuko bado pale uani kiti kimefumuliwa chote.

Nianze na hali yenyewe. Mtoto ni msichana wa miezi 10, kitabu cha kliniki kinasema kilo 8.4. Gari ni Toyota ya zamani ya kutoka Japani, ile ndefu ya buti wazi, siti zake zimevalishwa kava za ngozi bandia zilizoshonwa na fundi hapa hapa mjini. Kiti walikinunua kwa Mtaliano aliyekuwa anahama Casuarina anarudi kwao, ni vile viti vinavyokaa pande zote mbili, kuangalia nyuma na kuangalia mbele, kilo 0 mpaka 18, na kina ile stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba 3 pembeni yake, yaani kimeidhinishwa Italia, na namba ya chini inaanza na 04. Hiyo stika ndio kitu cha kwanza mimi naangalia kwa kiti cha mtu, kabla hata ya kuuliza kimetoka wapi, kwa sababu 04 inakwambia ni ile kanuni ya Ulaya ya R44 kwa toleo lake la mwisho, ambayo inapanga viti kwa kilo. Ile mpya inayoitwa R129 inapanga kwa urefu wa mtoto. Kama hakuna stika kabisa mi sihangaiki nacho.

Malalamiko yao yalikuwa hivi. Wanaenda Mombasa mara kwa mara kwa wazee wa mama mtoto, na kila safari ni ile ile, wakifika Gede mtoto kashaanza kulia, Matsangoni analia kwa kupiga kelele, akichoka akalala kichwa kinamwangukia kifuani, akiamka ana alama nyekundu shingoni upande wa kushoto na mgongo umelowa jasho chapa. Wakifika Kilifi bi mkubwa anamtoa kwa kiti anampakata mpaka Mtwapa, na mtoto ananyamaza. Kwa hivo hesabu yao ikawa nyepesi, kwa kiti analia, kwa mapaja halii, basi tatizo ni kiti.

Mi niliwaambia msitengeneze chochote, mwekeni vile mnavyomwekaga siku zote. Hii ni muhimu sana manake mtu akijua unamwangalia ataanza kuvuta huku na kule na kile ulichokuja kukiona hukioni tena.

Wakamweka. Kiti kiko katikati ya siti ya nyuma, kinaangalia mbele, kimeshikwa na ule mkanda wa katikati ambao kwa gari hio ni wa kiunoni peke yake. Chini ya mtoto kuna kigodoro cha sponji alichoshonewa na fundi, juu ya kigodoro kuna leso imekunjwa mara nne, alafu ndo mtoto, alafu mikanda ya kiti ikafungwa juu yake. Nikashika kiti nikakisukuma kidogo tu kwa mkono mmoja, kikateleza kwa ile ngozi mpaka karibu na mlango.

Nikawauliza mbona katikati? Baba mtoto akasema amesikia katikati ndio salama zaidi. Sasa hapo hajadanganywa, katikati ni mbali na milango yote miwili na ukipigwa ubavuni mtoto yuko mbali na chuma. Lakini hio ni kama katikati pana mkanda ambao kiti chenyewe kinautaka. Kwa hiki kiti kuna mchoro ubavuni, mtu na mkanda wa pointi tatu, yaani wa kiunoni na wa begani pamoja, na pembeni mchoro wa mkanda wa kiunoni peke yake umepigwa alama ya kukataza. Mchoro haujaandikwa Kitaliano, mtu yeyote angeuelewa, ila hakuna aliyekigeuza kiti akauona. Na sababu ya pili, ambayo kwangu mimi ndio sababu ya kweli, ni kwamba vile vifungio vya mikanda ya pembeni vilikuwa havionekani! Fundi wa kava alishona akavifunika chini, vimelala huko ndani ya siti tangu kava zivalishwe. Hii nimeiona kwa magari mengi ya hapa pwani na inaniudhi kuliko hata kiti kibovu, watu wanalipa pesa nzuri siti zipendeze alafu abiria wote wa nyuma wanakaa bila mkanda na hakuna anayegundua mpaka siku kiti cha mtoto kinaletwa. Tukanyanyua kava, tukatumbukiza mkono, tukavitoa, vilikuwa na mchanga na makombo ya kashata lakini vinabana vizuri. Isofix tulitafuta pia, zile fito mbili za chuma kati ya mgongo wa siti na makalio, hakuna, gari ni ya zamani, na kiti chenyewe hakina miguu yake. Sio lazima. Mkanda ukifungwa sawa unatosha.

Basi pahali tukachagua siti ya nyuma kushoto. Sisi tunaendesha kushoto kwa hivo ukipaki pembeni mlango wa kushoto unafungukia kwa watembea kwa miguu, sio kwa lori linalopita. Baba mtoto akataka kujua kwa nini asimweke mbele kando yake, siku akiwa naye peke yake amwone. Dashibodi ya abiria imeandikwa SRS, yaani kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga. Kiti kinachoangalia nyuma kikiwekwa mbele ya eabegi inayofanya kazi, siku ikifumuka inapiga mgongo wa kiti pale pale kilipo kichwa cha mtoto, na inafumuka kwa nguvu kabla hujapepesa jicho. Hilo halina mjadala, na kwa kiti kuna alama yake nyekundu kubwa, ami yake mtoto aliyefanya kazi mahotelini miaka mingi akatusomea ile ya Kitaliano yote kwa sauti, na baba mtoto hakuuliza tena.

Sasa ile ya kuangalia mbele. Kwa kanuni hii ya R44 kuangalia mbele kunaanzia kilo 9, na huyu ana 8.4, kwa hivo hata kwa hesabu ya kiti chenyewe alikuwa bado. Lakini kilo 9 ni mlango tu, haina maana ukifika lazima upite. Hiki kiti kinaruhusu kuangalia nyuma mpaka kilo 13, na kwa ile kanuni mpya mtoto haangalii mbele kabla hajafika miezi 15 hata awe mnene vipi, na Wasweden wanawaacha watoto wao wanaangalia nyuma mpaka karibu miaka 4. Sababu ni shingo. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni karibu robo ya urefu wake wote na mifupa ya shingo bado haijakomaa, sehemu nyingine bado ni gegedu. Gari ikigonga mbele na yeye anaangalia mbele, mwili unashikwa na mikanda lakini kichwa kinaendelea, na shingo ndio inabeba. Akiangalia nyuma, kichwa na shingo na mgongo vyote vinazama kwa pamoja kwa mgongo wa kiti. Na ule usingizi wa kichwa kuanguka kifuani nao ulitoka hapo hapo, kiti kikiangalia mbele kilikuwa kimesimama wima sana kwa mtoto wa miezi 10.

Bi mkubwa hapo ndo akaingia. Shikamoo nishampa zamani, akaniambia, "Mwanangu, huyo utamgeuza aangalie kiti cha gari, miguu ataiweka wapi, na mimi nitamwona vipi?" Maswali mazuri wallahi. Miguu ataikunja, watoto wa rika hilo wakikaa chini kwa mkeka wanakunja wenyewe bila kuambiwa, na hata ikigusa siti si shida. Kumwona, bi mkubwa anakaa pale nyuma kando yake, kwa kweli atamwona uso vizuri kuliko mwanzo. La kumpakata lilikuwa gumu zaidi. Alisema amelea watoto saba na wote amewapakata na hakuna aliyeanguka, na mimi sikumbishia, ila nilimpigia hesabu moja. Gari ikiwa kwa 50 tu, mwendo wa mjini, ikigonga ikasimama ndani ya nusu mita, huyu wa kilo 8.4 kwa ule muda mdogo anavuta kwenda mbele kwa uzito wa zaidi ya kilo 160, kasoro kidogo gunia mbili za mahindi. Akanyamaza kidogo, alafu akasema kule Matsangoni watu hawaendi 50. Ndio hivo.

Tukaja kwa mikanda ya kiti chenyewe, na hapa ndo palikuwa na jibu la ile alama nyekundu ya shingoni. Kiti kilipoletwa kilikuwa kinanuka, bi mkubwa akakifua. Niliposikia kimefuliwa nikauliza haraka, mikanda ilitiwa Jik? Manake dawa za kung'arisha nguo zinakula nyuzi za mkanda na kwa macho huwezi kujua, na mkanda uliotiwa hio dawa mimi sikubali uendelee kutumika, lazima ubadilishwe mwingine wa kiti hicho hicho. Akasema Jik alitia kwa kava tu, mikanda ni myeusi ya nini kuitia, aliifuta kwa sabuni ya kipande na maji. Sawa kabisa, ndivo inavyotakiwa. Shida ilikuja wakati wa kurudisha. Mikanda miwili ya mabega inapita kwenye matundu ya mgongo wa kiti inatokea nyuma, kule nyuma inakutana kwenye kibamba cha chuma, na kutoka kwa kile kibamba unatoka mkanda mmoja unaokuja mbele chini, ule unaouvuta kukaza. Wao mkanda wa kulia waliupitisha tundu la pili, wa kushoto wakaupitisha tundu la juu kabisa, na ule wa kushoto ulikuwa umejisokota ndani. Kwa hivo kila wakikaza, upande mmoja unakaza na mwingine unabaki umelegea, wanavuta zaidi mpaka ule uliolegea ukae, na kwa wakati huo ule mwingine ushamkata mtoto shingo. Mtoto wa watu alikuwa na haki ya kulia kabisa.

Tukaitoa yote miwili, tukainyoosha, tukaichomeka kwa kibamba sawa sawa. Urefu wa matundu nao una kanuni yake ambayo watu wengi wanaichanganya kwa sababu inageuka kulingana na upande: akiangalia nyuma mikanda itoke usawa wa mabega au chini yake kidogo, akiangalia mbele itoke usawa wa mabega au juu yake kidogo. Kwa huyu akiangalia nyuma ilikuwa ni tundu la pili kutoka chini. Mama mtoto ndo alipima, alimkalisha kwa kiti bila kigodoro akaweka kidole begani, na hapo tukajua kumbe kile kigodoro kilikuwa kimempandisha mtoto juu kama sentimita tano na vipimo vyote tulivyokuwa tunakisia vilikuwa vya uongo.

Kigodoro hicho nacho kina hadithi yake. Walikiweka kwa huruma, waliona kiti ni kigumu. Lakini sponji ni joto, na mgongo wa mtoto ukiwa umelazwa kwa sponji na leso ya kukunja juu yake kwa jua la kaskazi, hilo jasho lingetoka wapi kwingine? Na ubaya wa pili hauonekani mpaka siku ya ajali, sponji inabonyea, gari ikigonga inakuwa bapa na mikanda uliyoiona imekaza inabaki na nafasi. Kitu chochote ambacho hakikuja na kiti kisikae kati ya mtoto na mikanda, wala chini yake wala mbele yake. Leso ina kazi mbili nzuri tu kwa kiti: gari ikiwa imepaki juani unafunika kiti kitupu ili kifungio cha chuma kisichemke, na mtoto akishafungwa, kama eisi ni baridi, unamfunika kwa juu.

Kulikuwa na kidude kingine chini ya kava, bapa, cheusi, kinalia pii pii kila baada ya muda. Wao walidhani ni gari ina shida ya umeme na fundi waya alishalipwa mara moja kwa ajili hio! Kumbe ni ile alamu ya kumkumbusha dereva asimsahau mtoto kwa gari, Italia ni sheria tangu Novemba 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 4, na inaongea na simu ya mwenyewe, na mwenyewe ndo yuko kwao Italia. Tukaitoa. Bi mkubwa alicheka sana, ati nani anamsahau mtoto, lakini mi sikucheka, gari iliyofungwa juani inapanda joto digrii kumi hivi ndani ya dakika kumi za kwanza na inaendelea, na hapa Malindi tunaanzia juu tayari.

Kufunga kwenyewe tulitoka uani kwanza tukapeleka gari kwa lami, kwa sababu uani pana mteremko wa mchanga na ubavuni mwa kiti kuna mstari unaotakiwa ulale sawa na ardhi ili mlalo uwe ule unaotakiwa. Ukiupima mstari huo kwa mteremko unajidanganya. Wima sana kidevu kinagusa kifua na pumzi ya mtoto inabanwa, kulala sana nako mwili unateleza kwenda juu ajali ikitokea. Alafu mkanda. Hivi viti vya pande mbili vina njia mbili na zina rangi, bluu ni ya kuangalia nyuma, nyekundu ni ya kuangalia mbele, na ukizichanganya kiti kinaweza kuonekana kimekaza na kisishike. Kipande cha kiunoni kikapita kwa kulabu za bluu mbele kule kwa miguu ya mtoto, kile cha begani kikazunguka nyuma ya mgongo wa kiti. Mkanda haukufika. Ulibaki sentimita chache tu, na hapa ndo watu wengi wanakata tamaa wanarudi njia ya mkato, lakini tulisukuma siti ya abiria ya mbele ikaenda mbele, tukachomoa mkanda wote mpaka mwisho kwa sababu ulikuwa umejikunja ndani ya ile kava ya ngozi, ukafika na ukabaki kidogo. Baba mtoto akaweka goti ndani ya kiti akakandamiza kwa uzito wake, mimi nikavuta kipande cha kiunoni kwanza alafu cha begani, nikabana na kile kibanio cha kiti, tukarudia tena.

Unajuaje kama imetosha? Unashika kiti pale mkanda unapopita, sio juu, unakitikisa kushoto kulia na mbele nyuma, kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Juu kule kwa kichwa kitacheza kidogo kikiwa kinaangalia nyuma, hilo ni kawaida. Mtoto akishafungwa, bana mkanda wa begani kwa vidole viwili pale kwa mfupa wa mtulinga, ukiweza kuukunja bado umelegea, vidole vikiteleza umefika. Na angalia kifungio cha gari kisilale juu ya plastiki ya kiti manake kinaweza kufunguka kikipata presha.

Safari iliyofuata ya Mombasa mama mtoto alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Kilifi. Alilia kidogo Gede, akatazama nje, akalala kabla ya Tezo, kichwa kikiwa kimelala kwa upande wa kiti na sio kifuani. Kilifi walisimama wakamtoa akanyooka kidogo akanyonya, wakamrudisha. Mtwapa kwenye foleni akalia sana, lakini Mtwapa kwenye foleni hata mimi nalia. Alama ya shingo haikuwepo. Mgongo ulikuwa na jasho kidogo tu. Yaani kila tulichokaza ndicho kilichomtuliza, na kila walichoongeza mwanzo ili apumzike, kigodoro, leso, kumgeuza mbele aone, ndicho kilichokuwa kinamtesa, na ndio maana tangazo lao la "mtoto hakipendi" mimi nililiona si kweli hata kabla hatujamaliza.

Kiti hakijauzwa. Mama mtoto amepewa kazi ya kupima mabega kila akitoka kliniki, yakipita tundu wapande moja, na akifika kilo 13 au kichwa kikikaribia ukingo wa juu wa kiti, lolote litakalotangulia, ndio ageuzwe, na siku hio mkanda unahamia njia nyekundu na mikanda ya mabega inapanda juu ya bega. Tuktuk ya kwenda sokoni hilo hatuna jawabu lake, hakuna pa kukifunga, wanaenda polepole na mtoto anabebwa. Na yule kaka yake wa miaka 4 ambaye muda wote tulioshughulika alikuwa amesimama katikati ya siti mbili za mbele akipiga honi, kumbe ndivo anavyosafirigi mpaka Mombasa. Kilo 16. Huyo ni kiti cha kuinua cha kilo 15 mpaka 36, chenye mgongo, kipate mkanda wa pointi tatu wa nyuma kulia ambao kifungio chake nacho tumekitoa chini ya kava. Baba mtoto keshaanza kuulizia kwa Wataliano wa Casuarina nani mwingine anahama.